Dhumma Moja

Herufi hizi ninazoandikia nimezishika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na miwani puani. Siku mwalimu alipoandika ubaoni o, kisha pembeni yake u, akatuambia hizi ni mbili, kila moja na sauti yake, mie nililia. Kijana wa watu akaogopa, akadhani nimeumwa. Wenzangu wakasema ni vumbi la chaki limeniingia machoni, nikawaachia na chaki yao. Ningewaambia nini? Kwamba vidude viwili hivi, kimoja duara na kimoja kimefunguka juu, kama ningekuwa navyo miaka ile ya hamsini, leo ningekuwa na mtoto wa kunizika?

Kabla ya hapo nilijua hati za chuoni tu, hati za Kiarabu. Kiswahili kinaandikika nazo vizuri, babu zetu wameandikiana barua na tenzi kwa hati zile. Lakini o na u ni alama moja, kimkia kidogo juu ya herufi, tunakiita dhumma. Ukiandika kuku, anayetaka atasoma koko. Msomaji ndiye anayechagua, na huchagua kwa akili yake na kwa moyo wake. Mie dhumma moja ilinipokonya mtoto wa pekee niliyekuwa nimebakiwa naye, na haya ndiyo maelezo yake, mwenye kuhukumu ahukumu.

Mwanamke aliyekuwa sauti yangu sitamtaja jina, na langu silitaji, kwa sababu ni lile lile. Tulikuwa majina, ndiyo maana tukaitana somo tangu hatujui kufunga kanga. Tumezaliwa Ngamiani, milango inatazamana. Mama yake alikaanga vitumbua barazani, yeye akiita wateja. Wacha wee! Sauti nzito, ina mkwaruzo chini yake, mtu anapita na baiskeli anashuka. Na wakati huo alikuwa na miaka kumi. Mie sauti yangu ilifaa kuitia kuku. Lakini maneno nilikuwa nayo, na yeye hakuwa nayo hata moja. Hata shukrani za siku ya harusi yake nilimtungia mie.

Nilitunga nikisuka ukili wa mikeka. Mkono ukishika mwendo, maneno yanakuja yamekwisha kupimwa, nane huku, nane kule. Nikiupata ubeti mzima navuka barabara na ukili wangu kwapani, namkuta anachambua mchele, nauweka mdomoni mwake mstari mmoja mmoja. Hakuandika kitu. Chuoni alikimbia mapema, juzuu aliijua kwa kichwa, lakini karatasi ya mkono wa mtu ilimshinda. Alilionja neno kama mchuzi, akalirudia, kisha akaniambia, "Somo, hili lina mfupa, nitolee." Nikalitoa. Tumefanya hivyo miaka minane, na juu ya neno hatukugombana hata siku moja.

Tulikuwa na chama chetu cha lelemama, wanawake kumi na wawili, safu moja, mikono inakwenda polepole, yeye katikati, hatua moja mbele, anaanzisha na sisi tunaitikia. Tumeitwa Pangani, Tongoni, Moa, tumevuka hata Vanga kwenye harusi za Wadigo. Bwana mmoja mwenye duka la santuri alikuja na mashine yake kutoka Mombasa, anataka kuinasa sauti ile. Baba yake somo akamjibu kwamba sauti ya binti yake haiwekwi kwenye sahani ikazungushwa na kila mlevi. Basi, ikapita. Nalia mpaka leo kwa sahani ile ambayo haikutengenezwa, maana hakuna kijana Tanga hii anayejua kwamba kulikuwa na mtu kama yule.

Lazima niseme jambo moja juu ya nyimbo zetu, maana asiyelijua hataelewa yaliyotokea. Sisi hatukuimba wimbo wa bure. Kila wimbo una mwenyewe, kuna mtu unampiga, na hatajwi. Watu wanakaa wanasikiliza wanatazamana, nani huyo, nani huyo. Na desturi ilikuwa hivi: wimbo ukiimbwa, atakayeinuka akatoka ndiye wake. Kwa hiyo hata ukichomwa mpaka kwenye ini, unakaa, unatabasamu, unajipepea. Nimewaona wanawake wakitabasamu hivyo kwa maneno yangu, nami nikiwa kwenye safu nafurahi. Astaghfirullah, nilifurahi kwelikweli.

Mie niliolewa hapo hapo mjini na kuli wa bandarini, mtu mpole, mrefu, wa kupakia marobota ya mkonge kwenye matishali. Kwao ni Moa. Somo yangu akaolewa Muheza na mfanyabiashara wa machungwa. Nikapata binti. Yeye akakaa mwaka, miwili, minne, hakuna kitu. Mama mkwe wake anamtazama tumbo kabla ya kuitikia shikamoo yake. Wifi yake ndiyo usiseme, mtu wa ulimi, na alikuwa amesoma, ndiye aliyesomea nyumba nzima barua zao. Akija Tanga kwa harusi, somo hunilalia mapajani ananiambia, "Somo, wananihesabia mwezi." Mie nachezea nywele zake tu.

Kisha nikapata mtoto wa kiume.

Alikuwa na miezi mitatu tulipoitwa harusi ya Chumbageni, harusi ya siku mbili. Nilikwenda naye mgongoni. Siku ya pili kumekucha, miguu imevimba, nimemwambia somo mie naondoka. Akanishika mkono. "Moja tu somo, ya kufungia. Bila wewe nyuma yangu siwezi." Tukaimba moja. Tukaimba na nyingine. Nilifika nyumbani jua limekwisha kuwa kali, nikapika, nikafua, baada ya adhuhuri nikajinyoosha kitandani nimnyonyeshe mtoto. Binti yangu alikuwa kwa jirani. Mume wangu kazini.

Aliyeniamsha ni somo. Alikuwa amefuata kanga yake aliyoniazima. Nilifumbua macho nikamwona ameuinua mkono wangu kwa mikono yake miwili, ameushikilia juu, anatazama chini yake. "Somo," akaniambia, "usipige kelele. Usipige kelele kwanza." Akaurudisha mlango. Akamchukua mtoto, akampuliza puani, akamtikisa, akampuliza tena. Kisha akamfunika. Mie nilikuwa nimekaa, maziwa yananidondoka magotini.

Akanishika uso, akanitazama. "Degedege. Umenisikia? Limemkamata mie nikiwa hapa, nimeliona kwa macho yangu, macho yamegeuka, mikono imekaza. Wewe ulikuwa uani unachota maji. Sema degedege." Nikasema degedege. Akatoka mlangoni akapiga ukelele ule, barabara nzima ikaja.

Mume wangu alimzika mwanawe kabla ya magharibi akiamini hivyo. Mama mkwe wangu alipokuja matanga kutoka Moa alikaa siku tatu ananiangalia mikono. Yeye tangu zamani hakupenda mambo yangu ya ngoma. Siku ya nne akamwambia mwanawe mbele yangu kwamba msichana aende naye Moa, mwanamke wa kukesha haachiwi mtoto. Mume wangu akakataa. Namsikia mpaka leo. "Mama, degedege halina kosa la mtu. Mtoto atakaa na mama yake."

Hivyo neno lile la kuzua ndilo lililokuwa linanishikia binti yangu. Nililijua hilo kila asubuhi nikimsuka nywele. Siku mume wangu akijua, mtoto anakwenda. Na aliyejua ni somo peke yake.

Miezi mingi sikuweza kutunga. Nilisuka ukili kwa mkono tu, bila neno. Kisha uani kwetu ulikuwako mgomba, ukazaa mkungu wake mmoja, jirani akaja na panga akaukata mkungu, kisha akaukata na mgomba wenyewe, maana ndivyo migomba inavyofanywa, ukishazaa huna kazi. Nilisimama pale na ndoo. Jioni ile maneno yakaja yenyewe. Kwa mara ya kwanza nilitunga wimbo ambao haumpigi mtu. Mwenyewe nilikuwa mimi.

*Mgomba huna kivuli, jua likikuwakia,*
*Wapitao hawajali, nani wa kukulilia?*

Mbele yake kulikuwa na beti mbili, kuna ndizi, kuna panga, kuna mkungu. Mtu akifika huko hana shaka tena ni mti gani.

Lahani yake somo alikwisha kuijua, nilimvumia alipokuja kunitazama, akaipenda, akasema, "Itie maneno nikuimbie." Sasa palikuwa na harusi ya jamaa zetu hapa Ngamiani, na mumewe hakumruhusu kuja mapema, angefika siku yenyewe. Kumfundisha kwa mdomo hapakuwa na nafasi. Nikachukua kalamu. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, nikatia irabu zote, fataha, kasra, dhumma, asije akasumbuka yeyote wa kumsomea. Nikamkabidhi dereva wa basi la Muheza. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Ndiyo, nilifurahi, mara ya kwanza tangu msiba.

Mgomba. Chukueni kalamu muandike kwa hati zile. Sasa someni. Wapo watakaosoma mgomba. Na wapo watakaosoma mgumba, mwanamke asiyezaa.

Yaliyotokea Muheza alinisimulia mwenyewe baadaye, kwa hiyo nayaweka mahali pake. Barua ilifika mchana, watu wamekaa uani wanamenya mihogo, mama mkwe yuko, wifi yuko, majirani wawili wako. Somo akaifungua, akaona mwandiko wangu, akacheka kwa furaha. Akampa wifi. "Hebu nisomee, ni wimbo huo, somo yangu kanitungia." Wifi akasafisha koo.

"*Mgumba huna kivuli, jua likikuwakia.*"

Na nyumba ile, jamani, imezungukwa na migomba pande zote nne! Wanaikata kila siku! Lakini hakuna aliyefikiria mgomba. Neno walilokuwa nalo moyoni ni lile jingine, walilingoja miaka minne mtu alitamke. Wifi akasoma na mstari wa pili, nani wa kukulilia, akasita, kisha akaangua kicheko, na mama mkwe akacheka, na majirani wakacheka kwa kujificha. "Ala," wifi akasema, "kumbe hata huko Tanga wanajua. Na unatakiwa ukauimbe mwenyewe, kwa kinywa chako?" Somo akamnyang'anya karatasi kabla hajafika kwenye ndizi. Akaikunja, akaitia ndani ya sanduku, akarudi akaendelea kumenya mihogo. Ndivyo alivyoniambia. Aliimaliza mihogo yote.

Siku ya harusi nilimwona anashuka kwenye basi, amevaa doti mpya, wanja, asumini. Akawasalimu wenzetu wote. Mie akanipita. Nikasema mwenzangu kachoka na safari, au kagombana tena na wale watu wake. Nikamfuata, "Somo, umeipata karatasi?" Akanijibu bila kunitazama, "Nimeipata. Simama mahali pako."

Nikasimama mahali pangu, nyuma ya bega lake la kulia. Ngoma ikaanza, lahani yangu ile ile. Akaacha ipite mara mbili, alivyopenda kufanya. Ukumbi umejaa, wanawake mpaka madirishani. Akafungua kinywa.

*Heri kukosa kuzaa, kuliko kukilalia,*
*Ngoma ikakuhadaa, mwana ukamfukia.*

Kwanza nilidhani kasahau maneno. Kisha nikaona ni maneno kamili, nane huku, nane kule, hayana mfupa hata mmoja. Mtu ambaye hajatunga maishani mwake hata salamu! Na mie, Mungu anisamehe, kabla sijaumia, nilisema moyoni: huu ni mzuri kuliko wangu wote. Ndipo nikauelewa. Miguu ikataka kwenda. Vigelegele vimepanda, wanawake wanageuzana shingo, nani huyo, nani huyo, na mie najua desturi yetu, nimewafungia wengine mlango kwa desturi hiyo hiyo. Nikitoka, ni wangu. Na ukiwa wangu, mume wangu ataupata kabla ya alasiri, na binti yangu amekwenda.

Basi nikaitikia. *Kuliko kukilalia.* Wao kumi wakaitikia na mie wa kumi na moja, na mikono yangu ikaenda polepole kama ya wenzangu. Aliurudia mara saba. Mara ya saba sauti yake ilikatika, watu wakadhani ni mbwembwe, wakampigia makofi. Hakunigeukia. Alipanda basi la kurudi bila kula.

Wanawake walitafuta mwenyewe wiki nzima. Wakasema ni shangazi yake bibi harusi, wakasema ni mke wa fulani wa barabara ya tano. Mie hakuna aliyenitaja, kwa kuwa niliitikia, na kwa kuwa mwanangu alikufa kwa degedege, somo mwenyewe si alishuhudia? Nilisalimika. Lakini nilimchukia, nisidanganye. Sikujua nimemkosea nini. Nilikuwa nikifagia namwapiza, nikipika namwapiza, mchana kutwa, mtu aliyenifunikia mwanangu kwa kanga yake. Nilisema asizae. Nililisema hilo kwa sauti, jikoni, mara nyingi.

Na wimbo ukatembea. Ulikuwa mzuri, ungekaaje? Ukafika Pangani, ukafika mashambani kwa watu wa mkonge, na siku moja mume wangu akarudi kazini akaingia kuoga, namsikia anauimba. Makuli wameupata. Ulikuwa na mwendo wa kuvutia mizigo. Mmoja anatoa, heri kukosa kuzaa! Wote wanavuta, kuliko kukilalia! Wao walidhani ni wimbo wa mtu aliyeikalia bahati yake. Ananiuliza huku anajifuta maji, "Hivi nyie wanawake, huyu wa kukilalia kalalia nini hasa?" Nikamjibu, "Sijui baba, ni mafumbo tu." Akacheka. Akamchukua binti yetu, akamrusha juu akamdaka kwa mwendo wa wimbo ule, na mtoto akaushika. Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Anapanga vifuu vyake uani, anaimba kuhusu ndugu yake.

Miezi minne ilikuwa hivyo. Nimekonda mpaka bangili inapanda hadi kwenye kiwiko. Kila akitoka asubuhi nasema leo ataambiwa. Kila akirudi anaimba.

Huko Muheza alikuwako bibi mmoja aliyefundisha watoto chuo, mtu mzima sana. Somo alikuwa akimsaidia kuteka maji. Siku moja akamchukulia ile karatasi, sijui kwa nini, alisema alitaka tu kusikia na mwisho wake, amalize kuumia. Bibi akasoma yote mara moja. "Mgomba huna kivuli," akaanza, akaendelea mpaka kwenye ndizi, mpaka kwenye panga. Somo akamwambia rudia. Akarudia. "Mgomba, mwanangu," bibi akasema, "mti huu hapa. Ni wimbo wa mzazi aliyefiwa." Somo alitoka pale bila kandambili, akaenda stendi.

Ilikuwa Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Nimekaa ukumbini napepeta mchele. Mlango ukasukumwa, akaanguka miguuni kwangu, vumbi mpaka kwenye nyusi, karatasi mkononi. "Mgomba! Somo, kumbe mgomba!" Sikuelewa. Akaikunjua karatasi, akaniwekea kidole juu ya dhumma ile. "Wamenisomea mgumba. Wamecheka. Nikaamini. Nimekaa na wewe tangu utotoni na nikaamini!"

Ndipo nikafahamu, na moyo wangu ukapasuka kwa ajili yake, na papo hapo nikakumbuka mume wangu yuko. Siku hiyo hapakuwa na meli. Yuko uani nyuma ya pazia anatawadha. Nikamziba mdomo somo. Nikamwambia kwa macho, nikamkazia, nikatikisa kichwa. Akauondoa mkono wangu. Alikuwa amebeba maneno yale kutoka Muheza, hayakuwa na breki tena. "Niache niseme! Mie mwenyewe ndiye niliyezua degedege, mie mwenyewe niliyekuinua mkono nikamtoa mtoto chini yake, na mie mwenyewe nikaenda kukutangaza kwamba umemlalia! Nilaani, somo! Nilaani!"

Maji yaliacha kumwagika uani.

Pazia likafunguka. Alikuwa na birika mkononi, suruali imekunjwa, maji yanamtiririka viwikoni. Hakunitazama mie. Alimtazama somo. Akamuuliza kwa upole wake ule ule, "Wimbo ule ni wa mwanangu?"

Somo akaniangalia nimsaidie. Miaka yote maneno yalikuwa kazi yangu. Nikauvuta ungo wangu, nikapepeta.

"Nimevutia marobota," mume wangu akasema. "Miezi minne. Mie ndiye ninayeanzisha." Akaweka birika chini, akavaa kanzu, akaenda kuswali.

Hakunipiga, hakunitukana, na talaka hakunipa mpaka mwaka uliofuata. Laiti angenipiga. Alikula nilichopika, akalala barazani. Somo nilimwambia nimekusamehe, naye akaniambia nimekusamehe, tukashikana mikono, lakini hakuna aliyemtazama mwenzake, na tangu siku hiyo hakuimba tena, harusini wala jikoni. Chama kikafa. Alikufa mwaka wa tatu kule kule Muheza, kwa homa, bila mtoto, kama nilivyosema jikoni kwangu. Wimbo wake nimeusikia juzi juzi hapa, binti mmoja anafua nao nguo. Nikamuuliza ni wa nani. Akasema ni wa zamani, hauna mtu.

Siku ya tano baada ya Ijumaa ile mama mkwe akaja kutoka Moa. Mwanawe alikuwa amempelekea habari. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu matusi kwa matusi, mie mtungaji, ningemfanya atoke mbio. Lakini hakutukana. Alikuwa amechoka na safari, anapumua kwa shida.

Nikaanza kumwomba. Nikasema, mama, ngoma nimeacha, sitakanyaga tena. Nikasema atalala yeye kitandani na mie chini. Nikasema nitalala chumba kingine, nitafunga mlango kwa nje apewe jirani ufunguo. Nikasema nitalala nimekaa, nimeegemea ukuta, mama, watu wanaweza, nimejaribu, usiku wa jana nimejaribu.

Akaniacha mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza, si kwa ubaya, aliniuliza kama mama anavyomuuliza mwanawe, "Wewe mwenyewe unajiamini?"

Binti yangu alikuwa amekaa kati yetu anachezea pindo la kanga ya bibi yake. Nilimtazama shingo yake, ilivyokuwa nyembamba. Nilitafuta ndiyo. Wallahi niliitafuta.

Nikainuka nikakusanya nguo zake, magauni mawili na kofia ya sufi. Mama mkwe akanipa mgongo, akainama. Nikampandisha mtoto, nikamfunga kwa kanga yangu, mafundo mawili, kisha nikaingiza kidole kati ya kanga na kifua chake kuona kama anapata pumzi.